Shujaa Aliyezuliwa Hutakaswa na Nani?

Hakuna hadithi ipendwayo na watu wa pwani kama ile ya mtu mwema aliyezuliwa uovu asioutenda. Tumelelewa juu yake. Kabla hatujajua kushika kalamu tulikwisha kuhadithiwa na bibi zetu habari za Nabii Yusuf (A.S.) na kanzu yake iliyochanika kwa nyuma, tukahadithiwa tena habari za Fumo Liyongo na fitina aliyotiliwa kwa Sultani wa Pate, na tulipobaleghe tukajipanga foleni mlangoni mwa sinema kumtazama Amitabh Bachchan akisingiziwa rushwa na kufungwa jela katika Zanjeer ya 1973. Vijana wetu wa leo hawapangi foleni. Shujaa wao wanaye ndani ya simu, naye ni Spider-Man, Mtu Buibui. (Buibui hili si lile la kina mama, ingawa kwa kuficha uso yanakaribiana.)

Nina neno langu juu ya shujaa huyu, na si neno la kumtukana. Wako wazee wanaodhani kwamba hadithi za Marekani zenye watu warukao juu ya majumba ni upuuzi mtupu wa kupotezea saa. Mimi sioni hivyo. Ndani ya hadithi ya Spider-Man mna swali zito, zito kuliko waandishi wake walivyoweza kulijibu: mtu akisha kupakwa tope mbele ya ulimwengu, ni nani awezaye kumtakasa? Yeye mwenyewe kwa nguvu zake, au mtu mwingine?

Kwanza tumjue mtu wetu. Spider-Man alizaliwa kalamuni mwa Stan Lee na Steve Ditko katika kitabu cha picha cha mwezi wa Agosti 1962. Ndani ya vazi lile jekundu na buluu mna mvulana wa New York aitwaye Peter Parker, yatima aliyelelewa na ami yake na mke wa ami. Toka mwaka wa pili wa hadithi, yaani 1963, aliwekewa adui ambaye si jambazi wala jini. Adui huyo ni mwenye gazeti. Jonah Jameson wa gazeti la Daily Bugle hana bunduki, lakini kila asubuhi anaandika kwamba Spider-Man ni balaa la mji, na mji unaamini. Kisha waandishi wakaongeza chumvi juu ya donda: Peter Parker ni maskini, na riziki yake anaipata kwa kuuza picha za Spider-Man kwa Jameson huyo huyo. Picha anazojipiga mwenyewe ndizo zinazochapishwa juu ya maneno ya kumchafua. Basi anakula kwa mkono unaomzika. Sisi tuandikao magazetini ingetupasa tuisome hadithi hii mara kwa mara, hasa siku ile tunapokuwa na haraka ya kupeleka habari mtamboni.

Mwaka 1964, katika toleo la 13 la vitabu vile, alitokea mtu aitwaye Mysterio. Jina lake la kweli ni Quentin Beck, fundi wa viini macho vya sinema. Alivaa vazi kama la Spider-Man, akaiba, akaonekana akiiba, kisha akajitokeza kwa jina lingine kuwa ndiye mwokozi atakayeuondolea mji mwizi huyo. Hiyo ndiyo fitina kamili: mwenye kuchoma nyumba ndiye mwenye kuja na ndoo ya maji. Lakini lililonigusa mimi ni jambo dogo. Peter Parker alipozisoma habari za wizi ule alianza kujishuku mwenyewe. Alijiuliza, je, yumkini ninaiba usingizini, nami sijui? Watu waliowahi kuzuliwa wanalijua jambo hili. Uongo ukirudiwa na watu wengi hufika mahali hata aliyezuliwa akaanza kujikagua mifuko.

Alitakaswaje? Kwa kinasa sauti. Beck alipodhani ameshinda alijigamba na kusema yote aliyoyafanya, na Spider-Man akayanasa. Mwaka 1964 ukanda wa sauti ulikuwa shahidi mwadilifu, na hadithi ikaisha salama.

Sasa tuje kwenye filamu mbili ambazo vijana wanazijua kwa moyo, ya 2019 na ya 2021, zote zimeongozwa na Jon Watts, na Peter Parker ni Tom Holland. Katika ile ya kwanza, Spider-Man: Far From Home, kijana amefiwa na bwana aliyekuwa kama baba kwake, tajiri Tony Stark, naye ameachiwa amana: miwani inayoamrisha jeshi la ndege zisizo na rubani. Kijana amechoka, ana huzuni, anatafuta mtu mzima wa kumshika mkono. Ndipo anapotokea Quentin Beck, mpole, msikivu, mwenye maneno ya kiutu uzima. Peter anamwamini. Kwa mkono wake mwenyewe anamvua Stark ile amana na kumvisha Beck. Hakujua kwamba Beck alikuwa mfanyakazi wa Stark aliyefukuzwa na kinyongo, na kwamba nyuma yake lipo kundi zima la wenye vinyongo kama chake, kila mmoja na kazi yake katika kuusuka uongo.

Hapa hadithi ya Marekani inakutana na ya kwetu uso kwa uso. Fumo Liyongo, kama alivyotungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, hakushindwa na jeshi. Sultani alimwogopa asije akauchukua ufalme, akamfunga; Liyongo akatoka kwa tupa iliyofichwa katika mkate wa wishwa, akikereza minyororo huku nje ngoma na siwa zinalia. Chuma hakikumweza. Aliyemweza ni mwanawe wa kumzaa, aliyemuuliza kwa mapenzi baba, ni kitu gani kiwezacho kukudhuru, akaambiwa, akaja na sindano ya shaba. Khiana haitoki mbali. Haina haja ya kuvunja mlango, kwa kuwa imefunguliwa na mwenye nyumba, ikakaribishwa, ikapewa kahawa.

Beck anakufa London, lakini kabla hajafa amekwisha kuandaa sumu yake. Mmoja wa wasaidizi wake ananakili picha na sauti zote na kuondoka nazo. Muda si muda video inatolewa mbele ya watu. Ndani yake Beck anaonekana mahututi akilia kwamba Spider-Man amemshambulia, na sauti ya Spider-Man inasikika ikiamuru ndege zile ziwamalize watu. Na sauti ile, ndugu msomaji, ni yake kweli! Maneno aliyasema kwa kinywa chake. Isipokuwa aliyasema akijibu swali jingine: aliulizwa kama amri za kuzizuia ndege zitekelezwe, naye akasema zitekelezwe zote. Katika Kiingereza neno la kutekeleza na neno la kuua mtu kwa amri ni moja. Fundi akalikata swali, akaweka swali lingine, jibu akaliacha lile lile. Kisha akamalizia kwa kumvua barakoa: jina lake ni Peter Parker. Na nani anayeitangaza video hiyo? Jonah Jameson yule yule wa 1963, ila sasa gazeti lake halina karatasi.

Tazameni dunia ilivyopinduka. Mwaka 1964 kinasa sauti kilimtakasa mtu huyu, na mwaka 2019 kinasa sauti kimemwangamiza, na adui ni yule yule. Sijui kama waandishi wa filamu waliukusudia mlingano huo. Mimi nimeuona, na tangu niuone sijapata kuitazama kwa utulivu video inayotumwa na mtu kwenye simu yangu ikiwa na maneno ya chini, "Mtazameni mwizi huyu."

Mpwa wangu, ambaye ni bingwa wa mambo haya, tulikuwa tumekaa naye barazani baada ya Isha tukibishana.

"Mjomba," akasema, "tatizo la Peter ni kwamba alikuwa na nguvu lakini hakuzitumia. Angewakamata wale wasaidizi wa Beck mmoja mmoja, akawabana, wangesema wenyewe."

"Na neno la mtu aliyebanwa lingekubaliwa na nani?" nikamwuliza.

"Basi angefanya nini?"

Swali lake ni la haki, na filamu ya pili, Spider-Man: No Way Home ya Desemba 2021, inajaribu kulijibu. Kijana anapata wakili, Matt Murdock, kipofu mwenye macho ya moyo. Wakili anamwambia kwamba mashtaka hayatasimama, serikali haina ushahidi. Lakini anamwonya kwamba mahakama ya watu mitaani ni nyingine. Hata kabla kikao hakijaisha, tofali linaingia kwa dirisha. Naye na rafiki zake wawili, ambao kosa lao ni kumjua tu, wananyimwa nafasi ya chuo kikuu. Hiyo ni sehemu ya filamu iliyo kweli kabisa, nami naona ingefaa iwe ndefu mara tatu kuliko ilivyo. Mtu kuachiliwa na mahakama ni jambo moja. Mtu kurudishiwa salamu yake mtaani ni jambo lingine.

Sisi huku hatuhitaji sinema kutufunza hayo. Aprili 2015, siku chache baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, Gazeti Rasmi la Serikali lilichapisha orodha ya watu na mashirika yaliyoshukiwa kuhusiana na ugaidi, na ndani yake yalikuwamo mashirika mawili ya kutetea haki za binadamu yenye makao Mombasa, MUHURI na Haki Africa. Akaunti zao za benki zikafungwa. Yakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na mwaka huo huo mahakama ikaamua kwamba hapakuwa na ushahidi wa kuyahusisha na ugaidi. Hayo yako katika kumbukumbu za mahakama na kila mtu aweza kuyasoma. Ila nawauliza wasomaji: katika watu mia walioisikia ile orodha, ni wangapi walioisikia ile hukumu? Orodha ilisomwa kwa sauti kubwa, na hukumu ikasomwa chumbani.

Tumrudie kijana wetu. Baada ya kuona wakili amefika mwisho wa uwezo wake, Peter anakwenda kwa mganga wao, Doctor Strange, na kumwomba atie kisomo ili ulimwengu usahau kwamba Spider-Man ni yeye. Kisomo kinaharibika, mambo yanavurugika, mke wa ami yake anauawa. Na mwishowe hana ila kuomba kisomo kikubwa zaidi, kwamba watu wote wamsahau Peter Parker kabisa, hata mpenzi wake, hata rafiki yake wa chanda na pete. Na inakuwa hivyo. Filamu inaisha akiwa peke yake katika chumba cha kupanga, akishona vazi jipya.

Watu wengi walilia mwisho ule. Mimi sikulia, nilikasirika. Huyu mtu hakutakaswa! Tope halikuoshwa, uliochomwa moto ni ukuta mzima uliokuwa na tope. Jina lake halikusafishwa, limefutwa, na mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo. Kijana asiye na hatia amekubali kuwa si kitu ili asiitwe muuaji, nasi tunaambiwa huo ni ushujaa.

Mlinganishe na Nabii Yusuf. Yeye alikuwa gerezani kwa buhtani ya mke wa Azizi, na kukaa kwake kulikuwa kwa miaka. Mfalme anaota ndoto ya ng'ombe saba, hakuna awezaye kuiagua, Yusuf anaiagua akiwa kifungoni, na mfalme anaamuru aletwe. Mjumbe amesimama mlangoni, mlango uko wazi. Mtu mwingine yeyote angetoka mbio hata bila viatu. Yusuf alimrudisha mjumbe. Alimwambia arejee kwa bwana wake akamwulize kwanza habari za wale wanawake waliojikata mikono. Wakaitwa, wakaulizwa, wakakiri kwamba hawakumjua kwa ubaya wowote. Na mke wa Azizi mwenyewe akasimama akasema sasa haki imedhihiri, mimi ndimi niliyemtaka, naye ni katika wakweli. Ndipo alipotoka.

Hebu litazameni jambo hili kwa jicho la mtunzi wa michezo, achilia mbali jicho la msomaji wa dini. Katika kisa chote kile msingiziwa hakuvunja ukuta, hakumpiga mtu, hakumbana shahidi. Alikaa. Alichokidai ni swali liulizwe hadharani na walioyajua mambo wajibu kwa vinywa vyao. Hata ile kanzu iliyochanika nyuma haikusema yenyewe; alikuwapo mtu wa nyumba ile ile ya mke aliyesimama akasema, itazameni imechanika wapi. Jina la mtu limo vinywani mwa watu, na huko huko vinywani ndiko linakosafishwa.

Wako Wamarekani waliolikaribia jambo hili, nalo ni haki kulisema. Katika filamu ya Captain America ya 2014, The Winter Soldier, shujaa Steve Rogers anageuziwa kibao na idara anayoitumikia, kwa kuwa maadui wamejaa ndani yake toka juu hadi chini, na bwana mkubwa aliyekuwa akimpa mkono ndiye kiongozi wao. Anawindwa kama mhaini. Kupigana anapigana, tena sana, hata masikio yanauma. Lakini saa ya kuamua mambo ni nyingine: anashika kipaza sauti, anawaambia wafanyakazi wa idara ukweli, na fundi mmoja kijana, mwembamba, asiye na silaha, anaambiwa abonyeze kitufe cha kurusha silaha za maangamizi, naye huku bunduki iko kisogoni pake anakataa. Kwa nini alimwamini yule anayeitwa mhaini? Kwa sababu alimjua. Steve Rogers ni mtu wa jina na uso, picha yake imetundikwa kwenye makumbusho, watoto wanaijua. Alikuwa na akiba kwa watu. Spider-Man alijificha miaka yote, na siku ya shari hapakuwa na mtu wa mtaani aliyeweza kusema, huyu namfahamu, amekula kwangu. Barakoa ilimpa usalama na ikamnyima mashahidi.

Na Wahindi nao? Mwaka 1988 Amitabh Bachchan alitoka na Shahenshah, ambayo kwa hesabu yangu ni hadithi ya shujaa wa barakoa hasa, ingawa hana barakoa bali nywele za mvi na mkono wa chuma. Baba yake, polisi mwaminifu, anasingiziwa rushwa, anashindwa kuibeba aibu, anajitia kitanzi. Mtoto anaikuta kamba na kuiweka. Anapokua anakuwa polisi yeye pia, na mchana anajifanya mla rushwa mwoga, usiku anatoka kuwapiga wabaya. Hapo mtunzi alifanya jambo la ajabu: uongo uliomwua baba, mtoto ameugeuza nguo ya kazi. Anavaa lile tope kila asubuhi ili apate kumfikia aliyelirusha. Mwisho wake uko mahakamani, na hasidi anakufa kwa kamba. Ukumbi ulikuwa ukipasuka kwa makofi. Lakini waulizeni waliokuwamo: kamba wanaikumbuka wote, na sentensi iliyomtakasa yule baba hawaikumbuki hata mmoja. Kisasi kiliimeza haki, na watazamaji wakatoka wameshiba wasijue wamekula nini.

Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu kwamba filamu niitakayo mimi haijatengenezwa. Akanicheka, akasema niwaandikie barua. Basi barua yenyewe ni hii. Nataka kujua habari za yule msaidizi wa Beck, mtu wa makamo aliyenakili ile video na kutoka nayo mfukoni. Bwana wake amekufa, hana tena wa kumwogopa. Anajua swali lililokatwa ni lipi na jibu lilikuwa la nini. Ana nyumba, bila shaka, na jioni hukaa mbele ya televisheni na kumsikia Jameson akimwita yule kijana muuaji. Filamu ya 2021 ilikwenda mpaka malimwengu mengine kutafuta maadui wa kupigana nao, na mtu huyu ambaye alikuwa pale pale mjini na neno lote kinywani, haikumbishia hodi.